Jina Kabla ya Namba ya Siri

Igamba, Mbozi
9 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Nesta,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, biashara inakwenda, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua nyakati za baridi umepoa. Mimi sijambo kiasi, ila goti la kushoto limegoma kupanda shamba la juu. Kahawa imeiva vizuri, wachumaji ndio hakuna. Ng'ombe amezaa ndama jike. Wiliam wangu yupo Mbeya na mke wake, wamesema watakuja Krismasi wakijaliwa. Kwa hiyo hapa nyumbani tupo mimi na ng'ombe, na mwenzangu sasa ana mtoto wa kukaa naye.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Mama ni mwaka wa tatu na hatujasemezana. Namba yako ya zamani haipatikani, kwa hiyo barua nimempa Lwitiko, konda wa gari linalotoka huku kwenda Tunduma. Anasema kibanda chako anakijua, kipo nyuma ya foleni ya malori.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 27 Julai tunafanya ibada ya kumbukumbu ya Mama na kuweka msalaba kaburini. Ukoo ulikubaliana tuvae sare, wakanikabidhi mimi michango ninunue vitenge. Nikiwa napekua ile simu aliyoniachia Wiliam, nikakuona. Umesimama mbele ya ukuta wa vitenge, mkono kiunoni, vile vile ulivyokuwa ukisimama ukitumwa maji na hutaki kwenda. Chini wameandika kuwa ni duka la vitenge Tunduma, mizigo inatumwa mikoa yote. Nesta, nililia. Nikasema sitapiga simu nianze kujieleza. Nitanunua tu. Ukiliona jina langu kwenye malipo utajua kuwa dada yako amekukumbuka, na nguo za kumbukumbu ya Mama zitakuwa zimepita mikononi mwako. Niliona hiyo ni salamu tosha.

Nilipoingiza namba ya kulipia, simu ikaniletea jina la mpokeaji kabla sijaweka namba ya siri. Lilikuwa jina la mwanaume, Aliko fulani. Nikakaa nalo kidogo. Nikajiambia, kumbe Nesta ameolewa. Kwetu si unajua, mke ndiye anauza lakini laini ni ya mume. Iliniuma kwamba hamkuniita kwenye harusi, lakini nikaona nina haki gani ya kuuliza. Nikaweka namba ya siri, nikalipa, na juu nikaongeza kidogo iwe zawadi ya harusi nisiyoalikwa. Nikaandika "hongereni sana, Nesta". Ukanijibu "asante dada". Siku hiyo niliimba peke yangu jikoni.

Baadaye ukaandika kuwa mzigo umekwama, nilipie tena gharama ya usafiri. Nikalipa. Tangu hapo ukurasa wako haufunguki kwangu, na ile namba haipokelewi. Kila gari la Tunduma likifika nakwenda kusimama barabarani, Lwitiko ananitikisia kichwa kutoka mbali ili nisijisumbue kuvuka.

Kama bado una hasira ya siku ya msiba, nikasirikie mimi. Usimkasirikie Mama. Nitumie vitenge au niandikie neno.

Msalimie shemeji.

Dada yako,
Tusekile


Tunduma
15 Juni 2024

Dada Tusekile,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Lwitiko. Mimi ni mzima, mgongo upo vile vile, nauficha kwa kukaa. Pole na goti. Ulikande kwa maji ya moto, usipake yale mafuta ya taa aliyokuwa akiyapenda Baba mdogo. Nimefurahi kusikia ndama ni jike. Mmempa jina gani? Na ule mparachichi wa nyuma ya jiko, bado unazaa au mmeukata?

Sikupokea hela yako.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta. Sina ukurasa wowote wa kuuza mtandaoni. Huwa nawawekea wateja wangu picha kwenye simu, wale ninaowafahamu, na mmoja wao au rafiki wa mmoja wao amezichukua. Namba siyo yangu. Aliko simjui. Sijaolewa, Dada. Hakuna shemeji wa kumsalimia. Nikifunga kibanda naenda kwenye chumba changu, na ndani ya hicho chumba sauti inayosikika ni ya redio ya jirani.

Hujawa wa kwanza. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Msangano, amepanda gari tangu alfajiri, akasimama mbele ya kibanda akaniita mwizi mpaka madereva wa malori wakashuka kuangalia. Alikuwa ameuza mpunga wake. Nilimwonyesha simu yangu yote, hakuangalia. Wazambia ndio waliobaki kunisikiliza kidogo. Wananiambia "mukwai" kwa heshima na "natotela", ndiyo asante yao, wanalipa mkononi, wanaondoka.

Sasa nisikilize. Zile meseji za malipo usizifute. Piga simu ya huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwape namba ya muamala, useme umetapeliwa, waifungie hiyo laini. Kisha nenda polisi Vwawa nazo. Hela pengine imeshatolewa, sitakudanganya, lakini angalau mwingine asilizwe. Na siku nyingine, muuzaji akikuongezea malipo baada ya malipo, eti usafiri, eti mzigo umekwama, ujue hakuna mzigo.

Jina lilikuja mbele ya macho yako, Dada. Simu inalileta jina hilo ili usimame, usome, ujiulize. Wewe ulisimama, ukasoma, ukanitungia mume.

Namba yangu ya kweli nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Iingize kama unataka kunitumia kiasi chochote kidogo. Jina likija, lisome, halafu futa. Usiweke namba ya siri. Picha yangu yeyote anaweza kuichukua, jina nililosajiliwa nalo ni la kwenye kitambulisho changu. Fanya hivyo ndipo tuongee.

Na kwa kuwa wewe umeutaja msiba, na mimi niutaje. Walisoma wasifu wa Mama mbele ya watu wote, wakasema ameacha mtoto mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wafiwa. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akanisogeza taratibu, akidhani nimekosea pa kukaa. Mama alinichukua Ileje nikiwa wa kubebwa mgongoni, baada ya mama aliyenizaa kufariki, na sikuwahi kula kwenye nyumba nyingine. Niliinuka nikaenda kituoni kabla ya chakula. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi.

Baki salama.

Mdogo wako,
Nesta


Igamba
23 Juni 2024

Mdogo wangu Nesta,

Salamu sana. Huku baridi imeshuka na ukungu, mpaka saa nne huoni mti wa pili. Goti limesikia maji ya moto. Ndama bado hana jina, nilikuwa nangoja mtu wa kushauriana naye. Mparachichi upo na unazaa kuliko uwezo wangu wa kula, mengine yanaangukia kuku.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Siku ya msiba mimi nilikuwa nimelala ndani, wananimwagia maji. Wasifu aliuandika Baba mdogo Mbonile na aliusoma yeye. Nilikuja kusikia baada ya wiki, na wakati huo namba yako ilikuwa imeshazimwa. Sikuja kukutafuta. Nilikaa nikisema Nesta atarudi mwenyewe, ndiye mdogo.

Nilikwenda Vwawa, polisi wameandika. Simu ya huduma walinisikiliza vizuri, wakasema laini ile ilikuwa tupu tangu siku ile ile.

Kuna jambo limetokea. Alhamisi nilipigiwa simu na mwanamke. Akasema, "Dada, ni mimi Nesta, nimeipata ile hela yako, imeingia kwenye mfumo wetu kimakosa. Kuna tarakimu umetumiwa sasa hivi kwenye meseji, nisomee haraka ili nikurudishie." Meseji kweli ilikuwa imeingia. Nilishaifungua, Nesta, nilishafungua na mdomo. Halafu nikaona huyu mtu hajanipa shikamoo. Hajauliza goti, hajauliza ng'ombe, ameingia moja kwa moja kwenye hela. Wewe umeniandikia barua ya hasira, mistari ya mwanzo yote ni mparachichi na mafuta ya taa. Nikamwambia, "Mbona hujanisalimia?" Akasema, "Dada, muda hauruhusu." Nikakata. Elina, wakala wetu hapa sokoni, ameniambia ningezisoma zile namba wangeingia kwenye simu yangu na kukomba hata kile kidogo cha kahawa.

Tangu siku hiyo simu nimeifukia kwenye debe la mahindi. Ikilia inanung'unika humo ndani, naiacha. Kwa hiyo usinipigie, niandikie tu.

Sasa nikwambie lililo gumu. Leo Jumapili baada ya ibada ukoo ulikaa. Niliwasomea barua yako. Baba mdogo akasema mwizi naye ana kalamu. Akasema ulichukia, ndiyo maana uliondoka mapema msibani, na sasa unalipiza. Mwisho wakakubaliana hivi: kama Nesta ni msafi, alete vitenge, mambo yaishe. Nikasema nitakuandikia.

Mimi nakuamini, Nesta. Nakuamini nikiwa shambani. Nikirudi nyumbani, nikikaa na ile simu kwenye debe, nakumbuka nilivyokuona kwenye ile picha kwa macho yangu, na lile "asante dada" nililisoma kwa sauti yako. Nimtoeje yule Nesta wa picha kichwani mwangu? Lete vitenge, mdogo wangu. Nisaidie.

Dada yako,
Tusekile


Tunduma
30 Juni 2024

Dada Tusekile,

Shikamoo. Pole na baridi, vaa ile kabuti ya Mama, usiitunze tu. Huku ni vumbi, malori yamejaa mpaka njia ya kanisani. Ndama mwite Furaha, hata kama nyumba haina nyingi. Maparachichi yale wape watoto wa shule wakipita.

Nimefurahi ulimkatia simu yule mwanamke. Nimecheka peke yangu, kwa mara ya kwanza kwenye wiki nyingi. Waambie na wenzako wa ushirika wa kahawa. Hakuna mtu wa kampuni wala wa duka anayehitaji usomewe namba iliyoingia kwenye simu yako. Anayeihitaji ni mwizi peke yake.

Vitenge sitatuma.

Usiikunje barua, soma hadi mwisho. Ninavyo. Vipo hapa nyuma yangu, wala si kwamba navionea uchungu. Lakini nikituma leo watasema Nesta amerudisha alichoiba. Baba mdogo atavivaa akisema hivyo, na wewe utanishukuru kwa kutubu, nami sijatenda. Nisipotuma, Mama atakumbukwa kila mtu na nguo yake, na watasema Nesta ameiba kweli. Nimegeuza hilo jambo usiku na mchana. Kati ya hayo mawili nimechagua lile ambalo ndani yake sijasema uongo.

Tena biashara yangu haifanywi hivyo. Mimi mteja wa mbali namwonyesha kitambaa kwenye simu ya video, nakivuta mbele yake aone kama kinachuja. Nampa konda. Mteja anakishika, anakinusa, akiridhika analipa hapo hapo kwenye namba yangu na jina langu analisoma kwa sauti. Asiporidhika konda ananirudishia. Nimepata hasara mara chache, lakini nalala. Wewe ulilipia picha. Ungeniuliza tu, "Nesta, nionyeshe," yule tapeli angekimbia mwenyewe, kwa kuwa asingekuwa na Nesta wa kuonyesha. Ila hukuuliza, kwa sababu tulikuwa hatusemezani. Ndipo alipopitia.

Nakwambia na hili, hata kama halikuhusu. Saa za mchana huku kila mtu anakula na watu wake. Wauza viazi wanakula pamoja, mawakala wa kubadili kwacha wanakula pamoja. Mimi nanunua wali kwenye mfuko, nageukia ukuta. Siyo njaa inayonisumbua. Ni kwamba hakuna anayeniita. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisimama kwenye mlango wa jiko na kuniita kwa sauti mpaka wachumaji kahawa wa jirani wanacheka? Nilikuwa naona aibu. Nilijificha kwenye kahawa makusudi ili aite tena.

Wateja wamepungua sana. Mwenye kibanda ameanza kuniambia maneno. Jenista, anayeuza ndala hapo jirani, ananishauri nivuke nikajaribu Nakonde, upande wa Zambia, kwa muda, kule ile picha haijafika.

Barua yako imejaa mambo, lakini hukuniambia kama uliingiza namba yangu. Najua hukuingiza. Dada, sitaandika tena mpaka uingize. Sikuombi uniamini, nakuomba usome jina tu.

Mdogo wako,
Nesta


Igamba
11 Julai 2024

Nesta wangu,

Salamu. Sisi wazima, Furaha ameshaanza kulamba chumvi. Kabuti nimeivaa, ina harufu ya moshi wake mpaka leo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa naogopa. Nikuambie wazi ni nini nilichokuwa nakiogopa. Si hela. Niliogopa nikiingiza ile namba lije tena jina la Aliko. Nikaona bora nikae na nusu ya Nesta kuliko nimkose wote. Kila asubuhi nilikwenda kwenye debe, nikaweka mkono kwenye mahindi, nikautoa.

Jana nikaitoa simu. Nikaenda nayo kwa Elina pale sokoni, kwa vile sikutaka kuwa peke yangu, na mtu mwingine wa kwenda naye sina. Nikaweka namba yako, nikaweka kiasi kidogo cha kununua chumvi. Simu ikafikiri. Elina akasema, "Mama Wiliam, soma jina." Nikavaa miwani.

NESTA GWANTWA.

Nesta, tangu lini? Mimi mwenyewe niliyetoka tumboni mwake ninaitwa kwa jina la Baba kwenye kila karatasi. Wewe serikali inakujua kwa jina la Mama. Kila mtu anayenunua kitenge kwako huko Tunduma, Mnyamwanga, Mzambia, dereva wa lori, analisoma jina la Mama yetu kabla ya kulipa. Na huku nyumbani tulisimama mbele ya jeneza lake tukasema hana mtoto kama huyo.

Sikuweka namba ya siri, kama ulivyoagiza. Nilibaki naliangalia mpaka kioo kikazima. Nikaingiza upya, likaja tena. Elina alidhani simu imegoma.

Kutoka pale nikaenda kwa Baba mdogo, na goti hili hili. Nilimkuta anaanika kahawa. Nikaingiza tena namba yako, nikampa simu asome. Unajua yeye ni mtu wa damu na ukoo, hapindiki. Alisoma, akairudisha simu, akaendelea kugeuza kahawa kwa mkono. Nilishageuka kuondoka ndipo akasema, "Wasifu wa tarehe ishirini na saba nitauandika upya."

Njoo, Nesta. Vitenge sivitaki tena, wala wasivitaje mbele yangu. Njoo na nguo uliyovaa. Nimekutengea nafasi kwenye mkeka, kushoto kwangu, na hakuna wa kukusogeza hapo. Nisamehe kwa kulipia picha yako wakati wewe ulikuwepo.

Dada yako,
Tusekile


Igamba
28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Hukuja. Lwitiko anasema alipoleta barua ya tarehe 11 alikuta kibanda kimefungwa kwa kufuli mbili, akamwachia Jenista wa ndala, naye akasema umevuka Nakonde na hajui utarudi lini. Alifika kuniambia hayo juzi Ijumaa. Simu yako ilikuwa haipatikani. Nadhani umeweka laini ya huko.

Hata hivyo nilisimama barabarani jana asubuhi nikiangalia kila gari.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana ni haki yako kujua. Watu walikuja wengi, kila mmoja na kitenge chake, chekundu, cha kijani, cha njano, hakuna waliofanana. Mwanzoni nilitazama chini. Halafu nikakumbuka Mama hakupenda sare, alikuwa akisema wanakwaya wakivaa sare hamjui nani kafanya kosa. Nikapata nguvu kidogo. Msalaba umesimama vizuri, saruji haijapasuka.

Baba mdogo alisoma. Alipofika kwenye watoto akavua miwani, akaifuta kwa kona ya koti. Mimi niliyekuwa karibu naye nilifikiri ameghairi. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko aliyoanza nayo: "Marehemu ameacha watoto wawili, Tusekile na Nesta." Akatazama kwenye mkeka, kushoto kwangu. Watu wote wakatazama. Pale palikuwa na kanga nimeikunja, basi. Hakuna aliyekaa hapo hadi mwisho, hata mtoto wa kutambaa nilimtoa.

Chakula kilipoiva nilipakua sahani yako. Nilikaa nayo. Jioni nikampa Furaha maganda ya ndizi, na wali nikaula mimi, umepoa.

Wageni wameondoka leo. Wiliam alipiga simu kusema alikosa ruhusa kazini. Nimefagia uwanja, nikakusanya vikombe. Sasa hakuna la kufanya. Nimeingiza namba yako kwa Elina asubuhi hii, si kwa kutuma kitu. Jina bado lipo.

Sijui kama utaisoma hii. Nampa Lwitiko aiweke kwa Jenista pamoja na ile nyingine.

Dada yako,
Tusekile


Tunduma
6 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo na upweke? Goti limeamkaje? Furaha analala ndani au nje? Mimi nimerudi jana. Nakonde hakufai, wananunua kwa maneno mengi na kwa bei ya kuomba, na mgongo umenikumbuka vizuri kule. Namshukuru Mungu nimefika.

Jenista amenipa barua zako mbili zimefungwa kwa uzi wa ndala. Nilifungua ile ya pili kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu. Kwa hiyo nilisoma kwamba sikuja, kabla ya kusoma kwamba niliitwa. Nilirudia mara nyingi kuelewa. Nilikuwa nimefunga mlango wa kibanda, nikausoma ule mstari wa Baba mdogo kwa sauti. Watoto wawili. Nikausoma tena nikitaja jina lako na langu. Nje lori lilikuwa linaunguruma, hakuna aliyenisikia.

Nimelia, Dada. Nimelia kwa ile sahani kuliko kwa kitu kingine chochote.

Unauliza tangu lini. Ni ile siku ya vitambulisho pale Vwawa. Mimi na Mama tulikwenda pamoja. Karani akaniuliza jina la baba. Nikasema simjui, hakuwahi kutajwa. Akasema lazima kuwe na jina, nitajie la mzazi. Nikageuka nikamtazama Mama, naye akamwambia yule karani, "Andika Gwantwa, au huoni nimekaa hapa?" Tulipotoka akaninunulia soda, akaniambia nisikwambie, utaona wivu. Nilidhani nitakuja kukuambia siku ya furaha fulani. Halafu ukaja msiba.

Kibanda nimekifungua leo. Ukutani nimebandika karatasi kubwa: SOMA JINA KWANZA, USHIKE KITENGE, NDIPO ULIPE. Mama wa Msangano alipita mchana na mwanawe, akaisoma yote, akaniuliza bei ya kitenge cha bluu. Hakununua. Ila aliuliza.

Kwenye rafu ya chini nimeweka vitenge viwili vya rangi moja, cha kwako na cha kwangu. Sivitumi. Nakuja navyo mwenyewe Jumamosi, kwa gari la Lwitiko. Utakishika, utakivuta, ukiridhika utanilipa, na jina utalisoma kwa sauti mbele yangu. Usinitegemee kukupa bure, mimi ni mfanyabiashara.

Kitu kimoja nakuomba. Nikishuka usije kunipokea barabarani. Umesimama hapo vya kutosha. Nitapita njia ya kwenye kahawa, nitakaa kidogo kule chini ya mteremko. Wewe chakula kikiiva, simama kwenye mlango wa jiko uniite. Ita kwa sauti, Dada, hata jirani wakicheka. Sitaitika mara ya kwanza.

Mdogo wako,
Nesta Gwantwa